Barua ya Kufunga Muhula: Igizo la Antigone

Wazazi na walezi wapendwa,

Tunafunga muhula salama. Ripoti za wanafunzi zimo ndani ya bahasha hii. Yaliyobaki ni ya igizo, kwani likizo hii ndiyo itakayolijenga au kulibomoa.

Wanafunzi watacheza Antigone, tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale, iliyoigizwa Athens yapata mwaka 441 K.K. Ndugu wawili wameuana wakigombea utawala wa mji wa Thebes. Mjomba wao Creon, mtawala mpya, anaamuru mmoja azikwe kwa heshima na mwingine, Polyneices, aachwe bila kaburi. Dada yao Antigone anaikaidi amri na kumzika.

Naomba mtoto aliyepewa nafasi ya Creon asiitwe "yule mbaya" nyumbani. Huyu ni mjomba mtu: anayemhukumu ni binti wa dada yake, tena mchumba wa mwanawe Haemon. Nelson Mandela mwenyewe aliicheza nafasi hii akiwa mfungwa Robben Island. Mwigizaji akianza kwa kufoka, Haemon atakapokuja kumsihi baba yake hakutakuwa na pa kupandia. Hotuba ya kwanza itamkwe kwa utulivu, kama ya mtu anayeamini kweli kwamba anaiokoa nchi.

Kukariri kunataka dakika 20 kila siku. Msomeeni mtoto maneno ya mwisho ya mwenzake, naye ajibu huku akitembea. Anayekariri peke yake huyajua maneno yake ila hajui aingie lini. Jukwaani wote wawili hunyamaza, kila mmoja akimngoja mwenziwe. Sikilizeni pia mwisho wa sentensi, maana sauti huzama hapo. Neno "kaburi" likimezwa, mstari mzima umepotea.

Maleba ni shuka moja la rangi tupu. Rangi za vyama na bendera hapana, hata kama ndizo zilizopo kabatini: watazamaji wakishaona chama, hawawaoni tena ndugu.

Kwa tukio la maziko tunahitaji mchanga mkavu uliochekechwa, ukufi mmoja tu. Antigone ataumwaga juu ya kitambaa, polepole, kiganja kikifunguka kidole kimoja kimoja. Ukimwagwa sakafuni, anayeingia baada yake huteleza.

Siku ya kufungua, kila mwigizaji aje na shuka lake na daftari la mistari. Daftari litabaki kwenye mkoba. Zoezi la kwanza ni bila karatasi mkononi.

Wenu katika malezi,
Mwalimu Mkuu