Gesi ya friji haiishi, inavuja

Wiki iliyopita mama mmoja muuza samaki hapa Busia, Uganda, alituita sisi mafundi wa friji wezi mbele ya wateja. Fundi wake humwongezea gesi kwa shilingi 50,000. Sisi tulimtajia 180,000 na tukataka friji ilale kwetu. Hatukubishana. Tulimuuliza tu ameongezewa mara ngapi mwaka huu. Mara nne.

Mama, gesi ya friji si kama ya jikoni. Inazunguka ndani ya paipu zilizofungwa, na ikipungua ujue kuna mahali inatokea. Ya mama huyu ilitokea kwenye tundu la ncha ya sindano, ndani ya friza, pale alipozoea kubandua barafu kwa kisu. (Kisu jamani! Zima friji, acha mlango wazi, barafu itayeyuka yenyewe.) Bei yetu ni nitrojeni ya kupima presha, povu la sabuni kwenye kila kiungo, kulehemu, draya mpya (kichujio kinachonyonya unyevu), pampu ya kutoa hewa na unyevu, ndipo gesi iingie kwa mizani. Hatukisii.

Tena gesi ile ikitoka haiendi bure. Kilo moja ya R134a, gesi iliyomo kwenye friji nyingi za zamani, hupasha dunia joto kama kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa miaka 100. Ndiyo maana mwaka 2016, Kigali, mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Friji nyingi mpya zinatumia gesi ya R600a, ambayo inashika moto, kwa hiyo fundi asiyesoma kibandiko cha kompresa asiguse yako.

Watafiti wanaoifuatilia friji toka kiwandani hadi jalalani wanakuta madhara makubwa yako kwenye umeme inaokula miaka yote. Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, unawalazimu watengenezaji waendelee kuuza mipira ya milango, ile inayozuia baridi isitoke, miaka 10 baada ya kuacha kuuza modeli yenyewe. Sisi huku mpira tunausaka Kampala wiki nzima.

Mzee mmoja alikuja akitaka kompresa mpya kwa sababu Yaka, umeme wa kulipia kabla, ilikuwa inakwisha upesi. Tukabana noti yake ya 1,000 mlangoni, tukaivuta. Ikatoka laini kama iko hewani, maana yake mlango haubani. Kompresa yake ilikuwa nzima, mpira ndio uliopasuka. Tukabadilisha kwa 60,000, naye akalalamika vilevile kwamba mpira tu hauwezi kuwa pesa hiyo. Noti yake tulimrudishia.