Bendi ile haikuwa ya KPNA4

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nizungumzie kingamwili tunazonunua maabara, yaani protini tunazotumia kunasa na kuonyesha protini nyingine. Habari nyingi za ugunduzi mnazotuletea zinategemea kichupa kimoja kidogo cha kingamwili, na msomaji haambiwi kama kilichomo kilijaribiwa vya kutosha.

Mimi ni fundi wa maabara, nina miaka 11 kazini. Nashughulika na importini alfa, protini zinazopokea mzigo ndani ya seli na kuupeleka kwenye kiini. Mzigo huwa na kipande kifupi cha asidi amino, mfano wa anwani. Importini alfa huitambua anwani hiyo, hushikana na importini beta, kisha wote hupenya kwenye tundu la utando wa kiini. Wakishaingia, protini iitwayo Ran huwaachanisha na mzigo unabaki ndani.

Binadamu ana importini alfa 7, na karibu zote zina uzito uleule, kilodaltoni (kipimo cha uzito wa protini) 58 hivi. Mbili kati ya hizo, KPNA3 na KPNA4, ni kama mapacha: asidi amino zao zinalingana kwa zaidi ya asilimia 80.

Tulinunua kingamwili ya KPNA4 iliyotengenezwa kwa sungura. Karatasi yake ilikuwa na picha ya bendi moja, yaani mstari unaotokea pale kingamwili iliponasa protini, nyeusi, safi. Nikaendesha jeli inayotenganisha protini kwa uzito, nikahamishia protini kwenye utando wa maabara, nikauloweka kwenye kingamwili usiku kucha kwa nyuzi 4. Asubuhi bendi ilikuwa palepale, kwenye 58. Nilifurahi mno. Kazi ya miezi 8 ikajengwa juu yake.

Kisha mwenzangu akapata seli zilizoondolewa jeni la KPNA4. Kushoto nikaweka seli za kawaida, kulia zile zisizo na jeni. Bendi ikatokea pande zote mbili, kwa weusi uleule. Nikadhani nimechanganya vichupa. Nikarudia mara tatu, kila kichupa nikikisoma kwa sauti. Tulipoizima KPNA3 ndipo bendi ikafifia. Muda wote huo nilikuwa napima ndugu yake.

Muuzaji alitushauri tuizimue zaidi kingamwili, yaani tuipunguze makali kwa kimiminika. Haikusaidia. Na kingamwili hii hutoka kwenye damu ya sungura, na damu ya sungura mmoja ina mwisho: kichupa cha pili, chenye namba nyingine ya toleo, kilileta bendi tatu.

Wapo wanaosema uzito ukilingana inatosha. Kwa familia hii hautoshi kabisa. Dawa ni kuondoa jeni, au kulizima pale ambapo seli haiwezi kuishi bila protini hiyo, kama ilivyo kwa importini beta, halafu kuangalia kama bendi inapotea. Jaribio hilo lifanywe kwa kila matumizi. Kwenye utando wa maabara protini imeshakunjuliwa. Chini ya hadubini bado imejikunja, na kingamwili iliyofaulu huku inaweza kushindwa kule. Hata kingamwili za seli za ukoo mmoja, ambazo wanasayansi Köhler na Milstein walituonyesha namna ya kuzitengeneza mwaka 1975, zinahitaji kupimwa hivyo hivyo.

Ombi langu kwenu ni hili: mwandishi wenu akimhoji mtafiti, amuulize alitumia kingamwili gani, toleo namba ngapi, na ilionyesha nini kwenye seli zisizo na protini ile. Majibu yake myachape pamoja na habari.

Wako,
Fundi wa maabara