Usinisahau na jua la Mwanza

Mhariri,

Mkisifia maua ya usinisahau, semeni pia kwamba yamezoea ubaridi wa Ulaya. Mimi nakaa Isamilo, juu ya mawe. Miche ya kwanza niliiweka juani, ikakauka kama dagaa. Safari ya pili nikapanda kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, mbegu nikazifunika udongo kiduchu tu, nyuma ya jiwe linalopata jua la asubuhi peke yake. Wiki mbili, zikachipua. Sasa nina vijiua vya buluu, vidogo kuliko kifungo cha shati, katikati njano. Mwenye nyumba kauliza kama ni mboga! Kosa langu lilikuwa kumwagilia majani jioni. Yakaota ukungu mweupe. Siku hizi namwaga shinani, alfajiri.

Mama mpangaji,
Isamilo, Mwanza