Mazoezi ya kufundisha yamekaribia, tajiri hataki gari lilale

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ili wasomaji, hasa waliowahi kusoma huku wakifanya kazi isiyo na ratiba, wanishauri kabla sijampa tajiri wangu jibu mwishoni mwa mwezi huu.

Mimi ni dereva wa semi-trela, mkazi wa Masasi, mwenye mke na watoto wawili. Hupakia makaa ya mawe Mbinga na kuyashusha bandarini Mtwara, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kupitia Songea, Namtumbo na Tunduru, na msimu wa korosho ukifunguliwa mwezi Oktoba huenda nikapangiwa magunia ya vyama vya ushirika. Mshahara wenyewe ni mdogo. Kinachoendesha nyumba ni posho ya safari, nayo hulipwa gari likitembea.

Wakati huohuo niko mwaka wa mwisho wa shahada ya ualimu, Jiografia na Kiswahili, katika Chuo Kikuu Huria, ambacho nilikichagua kwa sababu kinamruhusu mtu kusoma popote alipo na kufanyia mitihani katika kituo cha mkoa. Wengi hudhani ninasoma usiku nikiwa safarini. Asiyejua uchovu wa usukani ndiye anayeweza kudhani hivyo. Mimi husoma kwenye foleni ya kushusha mzigo, ambako gari linaweza kukaa siku kadhaa: natandika turubai kivulini chini ya trela, tandiboi anasonga ugali pembeni, nami nafungua maandishi niliyoyapakua kwenye simu kabla ya kuondoka mjini. Daftari langu limejaa alama nyeusi za kidole gumba kwa vumbi la makaa, hata mwenzangu wa kozi aliyeliazima aliuliza kama ninasomea jikoni.

Kwa utaratibu huo nimefika hapa bila kumkosesha tajiri safari hata moja. Sasa yamebaki mazoezi ya kufundisha, ambayo ni wiki kadhaa mfululizo za kusimama darasani, na hayo hayafanyiki chini ya trela. Tajiri amesema gari halitalala kwa ajili ya chuo, na akimweka dereva mwingine hatamtoa ili nirudi. Nilipopendekeza deiwaka, yaani dereva wa kunishikia gari kwa muda, ambaye ni binamu yangu mwenye leseni ya daraja E na uzoefu wa njia hiyo, tajiri alikubali kwa sharti moja: nisaini karatasi kwamba tairi likipasuka, mzigo ukipungua au faini ikitozwa mizanini, nitalipa mimi. Namwamini binamu yangu, lakini matairi ya trela siwezi kuyadhamini.

Najua Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Sijawahi kuichukua, na ingepunguza sehemu kubwa ya pengo hili. Tatizo ni kwamba sina mkataba wa maandishi, na matajiri wa malori huku wanafahamiana. Dereva anayedai likizo kwa kutaja vifungu vya sheria anaweza kuipata, kisha asipate gari jingine.

Mke wangu anashauri niahirishe mwaka. Mimi naona mwakani nitamkuta tajiri yuleyule na swali lilelile. Mjomba, ambaye kwetu sisi Wamakua neno lake halipiti hivi hivi, na ambaye aliuza korosho zake kunilipia ada ya mwanzo, siku hizi ananiuliza kwa nini niache kazi iliyopo kwa ajili ya kazi ya kuomba, ilhali hapa mjini wapo vijana wenye shahada za ualimu wanaoendesha bodaboda. Hoja yake ina uzito, na sina jibu la kumnyamazisha. Ninachojua ni kwamba mgongo wangu hautavumilia usukani hadi uzeeni, na kwamba Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga, wenzangu walikwama huko na magari yao huku nyumbani hakuna aliyeingiza senti.

Naomba basi kusikia kwa waliopita njia hii. Je, nisaini karatasi ile, au kuna namna ya kuweka ukomo wa deni ambayo tajiri wa kawaida angeikubali? Je, yupo aliyeomba chuo kimsogezee mazoezi hadi miezi ambayo kazi hupungua, na alikubaliwa? Na kwa madereva wenzangu: yupo aliyedai likizo yake akabaki na gari? Aliizungumzaje na tajiri?

Wako,
Dereva wa makaa, Masasi