Mheshimiwa, nyoka mmoja abaki

Kwa Mheshimiwa anayesimamia Afya, Kaunti ya Jiji la Nairobi

Mheshimiwa,

Bila shaka umeshapata barua ya majirani zangu wanaotaka kibao kipya cha zahanati ya mtaa wetu kifutwe, eti nyoka waliochorwa pale ni alama ya mashetani. Nchi iliyoundiwa tume ya rais mwaka 1994 kuchunguza ibada ya shetani haiwezi kuicheka hofu hiyo. Hata hivyo, naomba usikifute.

Wanaonukuu Mwanzo sura ya 3 wafungue pia Hesabu 21. Musa alimwinua nyoka wa shaba juu ya mti, na aliyeumwa akimtazama alipona. Ni kweli Hezekia alikuja kumvunjavunja, maana watu walikuwa wanamfukizia uvumba. Kibao chetu hakijafukiziwa kitu ila moshi wa matatu. Na kule Nyakach, chatu Omieri alipoonekana mwaka 2003, wengi walimpokea kama mleta mvua na mavuno.

Kosa la kibao ni jingine. Fundi amechora nyoka wawili waliojisokota kwenye fimbo yenye mabawa. Hiyo ni fimbo ya Hermes, mjumbe wa miungu ya Wagiriki, mlinzi wa wafanyabiashara na, uniwie radhi, wa wezi. Husimuliwa kwamba aliwakuta nyoka wakipigana, akatia fimbo katikati, wakajiviringisha hapo wametulia. Wanaalkemia wa Ulaya, wale waliotaka kugeuza metali kuwa dhahabu, waliipenda picha hiyo: nyoka mmoja akawa salfa, yenye joto na ukavu, wa pili zebaki, yenye baridi na unyevu, na kuwapatanisha ndiyo njia ya kupata dhahabu. Walimchora pia nyoka anayemeza mkia wake, ambaye karne nyingi kabla yao alikwisha kuchorwa kaburini mwa Tutankhamun. Elimu tamu, lakini haihusiani na malaria wala kliniki ya wajawazito.

Nyoka wa tabibu ni mmoja, hana mabawa, yuko kwenye gongo la Asclepius, mungu wa uponyaji wa Wagiriki. Wagonjwa walikuwa wakilala hekaluni mwake huko Epidaurus, Ugiriki, wakitarajia kuponywa ndotoni, na nyoka wasiodhuru walifugwa humo. Ndiye huyo aliye kwenye nembo ya Shirika la Afya Duniani tangu 1948. Fundi wetu asilaumiwe sana. Jeshi la Marekani nalo liliwapa matabibu wake fimbo ya Hermes mwaka 1902.

Basi aitwe, afute mabawa na nyoka wa kushoto. Chini yake aandike Hesabu 21:8-9, majirani zangu wapate cha kusoma wakiwa kwenye foleni ya dawa.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Eastlands