Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama chetu cha Wafugaji, Wete, Pemba

Ndugu wanachama, Assalamu alaykum.

Mwaka huu tumefanya usafi wa banda, tumechanja mifugo, tumewapokea wageni wa idara ya mifugo mara mbili na tumetengeneza uzio. Hayo mnayajua, sina haja ya kuyarefusha.

Jambo lililozungumzwa sana, misikitini na barazani kuliko kikaoni, ni uamuzi wa kununua kondoo 20 kwa fedha za chama na kuwanenepesha kwa malisho ya hapa hapa, bila ya chakula cha kiwandani. Imesemwa kuwa mwenyekiti ameamua peke yake. Nasema kwa uwazi kuwa mkutano mkuu uliitishwa mara mbili. Mara ya kwanza walikuja watu 9, mara ya pili 11, na chama kina wanachama 43, ilhali akidi ni 22. Ramadhani ilikuwa imeshaingia na bei ya kondoo waliokonda huko Micheweni ilikuwa nzuri. Kamati ikaamua, na uamuzi huo nausimamia.

Nilipendekeza tuanze Ramadhani kwa sababu mbili. Kwanza, kutoka hapo hadi Mfunguo Tatu, watu wanapotafuta wanyama wa udhia, yaani wa kuchinjwa Idi Kubwa, ni zaidi ya siku 90, nazo zinatosha kumjaza kondoo nyama. Pili, mwezi huo kila nyumba inapika futari kwa tui, na machicha ya nazi hutupwa. Tuliyakusanya kila usiku na kuyaanika asubuhi, maana yakilala na unyevu mafuta yake huchacha na kondoo huyakataa. Tukaongeza pumba za mpunga, maganda ya muhogo yaliyokaushwa vizuri juani, majani ya mfenesi na majani ya lusina, ule mti wa malisho. Lusina hatukuizidisha theluthi moja ya chakula, kwani ina sumu yake ikiliwa peke yake kwa muda mrefu. Majani hayo nilikuwa nikiyakata mwenyewe baada ya sala ya alfajiri, na wanaonisema hawakuwepo.

Kondoo mmoja alikufa wiki ya tatu. Baadhi yenu mmesema ni lusina. Si kweli. Usiku ule kamba ilikatika, akaingia kwenye gunia la pumba na kula kupita kiasi. Tumbo likamjaa na kufikia asubuhi alikuwa ameshakufa. Kosa hilo ni la ulinzi, si la malisho, na mlango wa stoo tumeshautia komeo.

Hesabu ni hizi. Ununuzi shilingi 2,400,000, malisho 310,000, dawa za minyoo 90,000, usafiri 140,000, mchungaji 300,000, jumla 3,240,000. Kondoo 19 waliuzwa kwa wastani wa shilingi 210,000, tukapata 3,990,000. Faida ni 750,000. Wastani wa uzito ulipanda kutoka kilo 18 hadi 25. Kama tungenunua chakula cha kiwandani, nusu kilo kwa kila kondoo kwa siku, kwa bei tuliyoiulizia bandarini ya shilingi 1,000 kwa kilo, malisho yangefika 900,000 na faida ingebaki 160,000 tu, hata kama mauzo yangekuwa yale yale. Aliyedai kuwa kondoo wa majani hanenepi namuomba alitazame daftari.

Kinachonisikitisha zaidi ni ada. Kila mwanachama anatakiwa atoe shilingi 24,000 kwa mwaka, sawa na 1,032,000 kwa wote. Zimekusanywa 396,000, waliomaliza ni 14. Wapo wasiotoa hata senti na wakaulizia mgao wa faida siku ya pili ya Idi. Kamati imeamua faida isigawiwe mpaka ada zilipwe, na katika hilo pia sitarudi nyuma.

Mwakani, Mungu akitujaalia, tunatarajia kuongeza kondoo, kupanda lusina kando ya uzio na, hali ikiruhusu, kupanua banda. Daftari liko kwa mshika fedha, na kila mwanachama anaweza kulisoma baada ya sala ya Alasiri siku yoyote.