Krismasi hii usikae peke yako

Mama Imani mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Sisi huku Bukoba hatujambo, ila mvua haitupi nafasi hata ya kuanika nguo. Senene wameanguka kwa wingi mwaka huu, watoto hawalali. Mama Neema amejifungua salama, mtoto wa kike, na yule bibi wa jirani ameshampa jina kabla baba mtu hajafungua mdomo. Baba watoto anakusalimu sana.

Mengine baadaye, maana ujumbe wako haunitoki kichwani. Umesema Krismasi hii huendi popote wala hutaki mgeni. Utafunga mlango, utafuata ibada kwenye simu, basi, kwa kuwa Mungu ni Roho na anakusikia humo humo chumbani. Anakusikia, dada yangu, hilo silipingi. Na najua kilichokufukuza kwa watu. Pale msibani nilikuwepo, nikawasikia wakikwambia usilie, Mungu amempenda mama zaidi. Niliumia kwa ajili yako. Mtu hajamaliza kufukiwa, wewe unaambiwa unyamaze!

Lakini mwangalie Bwana mwenyewe kule Bethania. Yule mtumishi wa akida alimponya kwa neno tu, bila kufika nyumbani kwake. Kwa Lazaro alikwenda kwa miguu yake. Akawakuta Martha na Mariamu na waombolezaji, na ingawa alijua anakwenda kumfufua rafiki yake, alilia. Hakumwambia mtu anyamaze. Macho yale yalikuwa macho ya kweli, yenye machozi ya kweli. Ndiyo maana nashindwa kukubali kwamba imani yetu inatosha kuishi chumbani, mtu na simu yake. Mungu angeweza kuendelea kutuma maneno tu, manabii walikuwepo karne nyingi. Akaona aje. Akabebwa tumboni, akanyonya, akavikwa nguo za kitoto na kulazwa katika hori ya kulia ng'ombe.

Hebu soma tena Luka sura ya kwanza, polepole, kama tulivyokuwa tukisoma kule shule. Mariamu anapata habari kwa malaika akiwa peke yake. Anakubali, lakini wimbo haujaja bado. Anaondoka kwa haraka mpaka nchi ya milimani, anaingia nyumbani kwa Elisabeti, anamsalimu. Ni salamu tu! Mtoto anaruka kwa shangwe tumboni mwa mama mtu mzima, Elisabeti anapaza sauti, na hapo ndipo Mariamu anasema moyo wake wamwadhimisha Bwana. Furaha ilimtoka mbele ya mwenzake, ndani ya nyumba ya mtu. Kisha akakaa huko kama miezi mitatu. Mimi naona huo ndio ushirika wa kwanza uliomzunguka Kristo hapa duniani: wanawake wawili wajawazito, mmoja kijana na mmoja mzee, na yeye Bwana bado hajazaliwa.

Yohana naye, katika waraka wake wa kwanza, anaanza na walichosikia, walichoona kwa macho, walichopapasa kwa mikono, halafu anasema wanatangaza hayo ili na wengine wawe na ushirika nao, na furaha itimie. Ukiondoa ule mwili uliopapaswa, sijui huo ushirika utasimama juu ya nini.

Mchungaji alitufundisha juu ya Ignatio, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne ya pili. Alikuwa anapelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari, akatupwe kwa wanyama wakali, na njiani anaandika barua. Aliwaandikia Wakristo wa Smirna, ule mji ambao leo ni Izmir kule Uturuki, akiwaonya juu ya watu waliosema Kristo alionekana tu kama mwanadamu, hakuwa na mwili wa kweli. Nisichosahau ni alichokiona kwa watu hao: hawamjali mjane, wala yatima, wala mwenye njaa, na Meza ya Bwana wanaikwepa. Nilikukumbuka papo hapo. Wewe ndiye uliyewapikia uji watoto wa marehemu mwalimu mpaka shangazi yao akaja kuwachukua. Hukuwatumia ujumbe wa pole, uliwapelekea sufuria.

Basi na sisi tuna zamu ya kukuletea sufuria, utunyime mlango?

Sisemi uje uchangamke. Kaa benchi la nyuma, lia ukitaka, usiongee na mtu. Mimi nitakaa pembeni yako na yeyote atakayekuja na yale maneno ya msibani atapita kwangu kwanza. Jumuiya yetu inasali kwetu tarehe 26, watu wachache tu, unawajua wote. Tutaimba Tukutendereza, tutakula ndizi, na Mama Neema anataka umshike mtoto wake. Na Meza ya Bwana, dada, huwezi kuipokea kwenye simu.

Sasa niambie ukweli. Unakula? Usiku unalala, au bado unaamka saa tisa? Binti wa kaka yako bado yuko nawe, au amerudi chuoni? Mabasi ya Bukoba siku hizi yanatoka Mwanza saa ngapi? Nauli ikiwa ndiyo inayokuzuia, kwa nini usiseme? Na kama mwili kweli umekataa safari, nitakuja mimi mara baada ya sikukuu, nikae wiki nzima. Kitanda cha pili bado kipo, au nije na godoro?

Wako katika Bwana,
Mama Upendo